Kufungua na kufunga habu za nyuma za lori: beringi, sili na diski za breki

Sheria ya mizani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwenye ekseli moja ya kusukuma yenye tairi nne. Kwa hiyo habu moja, yaani kitovu cha gurudumu kinachozungukia beringi, hubeba hadi tani tano, kuanzia bandarini Mombasa au Dar es Salaam mpaka Kampala, Kigali au Bujumbura. Mzigo wote huo umelalia beringi mbili za koni, na beringi hizo zinashikiliwa na nati moja ya kurekebishia. Beringi halisi, ya bei kubwa, inaweza kuungua ndani ya safari moja nati hiyo ikikazwa kwa kukisia. Ndiyo maana sehemu ya kukaza nati na kupima mchezo wa beringi (nafasi ya kusogea iliyomo) imepewa nafasi kubwa humu. Kazi nyingine zote zinataka usafi na subira.

Ekseli inayozungumziwa hapa ni ile ambayo shafti yake hubeba mzunguko tu, na uzito wa gari unakaa kwenye habu. Ukifungua nati za flenji, shafti inachomoka na gari linabaki limesimama kwa tairi zake. Beringi zinalainishwa na oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) inayotembea hadi kwenye habu. Breki ni za upepo, za diski, na diski imefungwa upande wa nyuma wa habu, hivyo haitoki mpaka habu yenyewe itoke. Kama lori lako lina ngoma, hatua za habu na beringi ni hizihizi, ila ngoma hutangulia kutoka.

Kabla ya kushika spana, hakikisha habu yako si ya kifurushi. Malori mengi mapya ya Ulaya yana beringi, sili na kilainishi vilivyofungwa pamoja kiwandani. Habu ya namna hiyo hairekebishwi: nati yake hukazwa mara moja kwa toki (nguvu ya kukazia) kubwa iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na ikianza kucheza inabadilishwa nzima. Njia ya kurudisha nati robo mzunguko, itakayoelezwa mbele, ukiitumia humo utaua habu nzima.

Dalili zinazotaka habu ifunguliwe

Ya kwanza ni oili. Chungulia ukuta wa ndani wa tairi la ndani na upande wa nyuma wa rimu. Mstari mweusi unaong'aa, wenye vumbi lililoganda juu yake kama ugali uliokauka kwenye sufuria, ni sili iliyoachia. Oili ikivuja nje, kwenye flenji ya shafti, hiyo ni gasketi na habu haina haja ya kutoka. Tofautisha mapema usije ukafanya kazi ya siku nzima kwa tatizo la gasketi.

Ya pili ni joto. Baada ya safari, simamisha gari bila kukanyaga breki kwa nguvu mwishoni, kisha pima habu ya kushoto na ya kulia kwa kipimajoto cha miale. Kinachotafutwa ni tofauti. Habu moja ikiwa na joto kubwa kuliko mwenzake wa ekseli hiyohiyo, ama breki inashika ama beringi inabana. Ukishapiga jeki, breki ikiachiwa, zungusha gurudumu kwa mkono: breki inayoshika utaisikia inasaga, beringi mbovu hunguruma na kutetemesha kiganja ukiushika mwili wa ekseli.

Ya tatu husahauliwa sana: taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande breki ikikanyagwa. Sensa ya ABS inakaa karibu kabisa na ringi ya meno iliyo nyuma ya habu. Beringi ikilegea, habu inayumba, ringi inaisukuma sensa nyuma na nafasi inaongezeka mpaka ishara inapotea. Watu hubadilisha sensa mara mbili, tatu, huku ugonjwa uko kwenye beringi.

Mwisho ni mtikisiko. Tairi zikiwa hewani, pitisha mtaimbo chini ya tairi na unyanyue. Ukiona gurudumu linapanda na kushuka kwa macho tu, bila kipimo, lori hilo lisiondoke.

Vitu vya kuwa navyo

Jeki ya tani 20 na stendi mbili zinazoweza kubeba ekseli, kabari za magurudumu ya mbele, trolei au winchi ya kushushia habu, soketi ya nati ya ekseli ya saizi sahihi (nati hii haifunguliwi kwa tindo), toki renchi inayofika Nm 550 na nyingine ya nati za magurudumu, dayo geji (saa ya kupimia mchezo) yenye kikalio cha sumaku, mikromita au kalipa ya kupimia diski, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), kibano cha kupigia sili, kipande cha shaba, na chombo cha kukingia oili.

Vipuri: sili mbili, gasketi mbili za shafti, washa mpya za kufungia nati, bolti mpya za diski, oili ya difu ya daraja la GL-5 yenye unene uliotajwa na kitabu, mara nyingi 80W-90 au 85W-140. Usichanganye ya kawaida na ya sinthetiki. Beringi zinunuliwe kwa namba zilizochongwa kwenye zile za zamani, si kwa jina la gari. Ekseli nyingi za Kimarekani, kwa mfano, hutumia 594A na ringi 592A ndani, kisha 580 na ringi 572 nje. Koni (sehemu ya ndani yenye roli) na ringi yake ya nje hununuliwa pamoja na kubadilishwa pamoja. Koni mpya ndani ya ringi iliyokwisha kulika hupata alama za mwenzake ndani ya kilomita chache.

Kushusha

Simamisha gari mahali pagumu na tambarare, weka kabari magurudumu ya mbele, mbele na nyuma. Legeza kidogo nati za magurudumu tairi zikiwa bado chini.

Handibreki ya lori hushikwa na springi iliyo ndani ya chemba, kwa hiyo habu haitazunguka mpaka springi hiyo ifungwe. Upepo ukiwemo na handibreki imeachiwa, ingiza bolti ndefu ya kufungia springi nyuma ya chemba, zungusha hadi ishike, kaza nati yake. Kuanzia hapo gari halina handibreki. Kabari ndizo zinazolishikilia. Ule mkanda unaounganisha nusu mbili za chemba ya springi usifunguliwe kamwe gerejini. Springi iliyobanwa mle ndani hutoka kwa nguvu inayoua.

Piga jeki chini ya mwili wa ekseli karibu na kikalio cha springi, weka stendi, toa tairi zote mbili. Ukiinua upande unaoufanyia kazi juu kidogo kuliko mwingine, oili nyingi itaelekea upande wa pili na hutamwaga sana.

Toa mwamba wa kushikilia pedi, rudisha pistoni za kalipa (kibanio cha breki kinachobana pedi) nyuma kupitia skrubu ya kurekebishia ukitumia ringi spana ya mkono na adapta yake, kisha vuta pedi. Adapta hiyo imetengenezwa ikatike ukizidisha nguvu, ili mashine ya ndani isivunjike. Ikikatika, weka nyingine. Usiipite kwa soketi moja kwa moja na bomba refu. Fungua kalipa na chemba yake. Ni mzigo wa watu wawili, uning'inize kwa mkanda kwenye chesisi. Ukiuacha uning'inie kwa paipu ya upepo, paipu hupasuka ndani mahali ambapo jicho halioni.

Vuta sensa ya ABS nje ya tundu lake kabla habu haijasogea.

Sasa shafti. Weka chombo chini, fungua nati za flenji. Kama kuna bushi za koni zenye mpasuo kwenye stadi, zitakuwa zimeshika. Piga katikati ya flenji kwa nyundo nzito juu ya kipande cha shaba. Mshtuko huzifanya zirukie nje. Kupenyeza tindo kati ya flenji na habu huacha makovu kwenye uso wa gasketi, na uso huo ukishachubuka utavuja kila utakapofungwa. Shafti ikitoka, itazame mistari ya meno yake: ikiwa imejipinda hata kidogo, imekwisha chukua mzigo uliozidi nguvu yake.

Kunjua ulimi wa washa au toa washa yenye tundu, fungua nati ya nje, washa, kisha nati ya kurekebishia. Shika beringi ya nje isianguke. Visha nyuzi za spindo (ncha ya ekseli inayobeba habu) kipande cha plastiki au mpira, sukuma trolei chini ya habu, ivute sawasawa bila kuilaza. Habu ikilala, beringi ya ndani na sili vitaburuzwa juu ya nyuzi.

Kusoma beringi

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi au upepo mwepesi. Usizungushe beringi kwa upepo wa kompresa. Bila oili roli zinajikwaruza, na keji (fremu inayoshika roli) inaweza kupasuka na kurusha roli usoni.

Kabla ya kutupa beringi ya zamani isome, kwa sababu inaeleza nini kitaua ile mpya. Ishikilie juani, izungushe polepole, utazame roli moja moja na njia yake kwenye ringi.

Rangi ya kahawia au bluu kwenye ncha nene za roli ni joto: oili ilipungua, au nati ilibanwa kupita kiasi. Ncha hizo nene husukumana na ukingo wa koni, na hapo ndipo joto huanzia siku zote. Mistari myeusi ya kukwanguka kwenye ringi, iliyopangana kwa umbali sawa na ule wa roli, ni maji. Gari lilisimama muda mrefu oili ikiwa na maji, na kutu ikala mahali ambapo kila roli ilitulia. Vishimo vyenye umbo la roli bila kutu ni kipigo, mara nyingi cha nyundo wakati wa kufunga. Vipande vilivyobanduka kama ganda la rangi kuukuu ni uchovu wa chuma. Beringi imemaliza umri wake, au ilibeba mzigo upande mmoja kwa sababu ringi haikukaa chini vizuri. Uso wote kuwa wa kijivu, usiong'aa, ni uchafu laini uliosagwa ndani ya oili. Hapo ukibadilisha beringi bila kumwaga oili ya difu na kusafisha sumaku ya kizibo chake, umerudisha msasa uleule kwenye beringi mpya.

Pitisha ukucha kwenye spindo mahali koni zinapokaa na mahali sili inapokaa. Ukucha ukikwama kwenye ngazi, spindo imelika. Ringi ya nje iliyozunguka ndani ya habu huacha shimo linalong'aa kama kioo na ringi huingia kwa mkono. Desturi ya kupiga alama za ncha ndani ya shimo ili ringi ishike haitatui kitu: ringi inashikwa na vinundu vichache, inakaa mviringo usio kamili, roli zinapita juu ya vinundu hivyo na kubandua chuma. Habu hiyo ni ya kubadilishwa.

Kutoa ringi za zamani, tumia nafasi zilizochongwa ndani ya habu na fimbo ya chuma laini, ukigonga zamu kwa zamu pande mbili. Ringi iliyong'ang'ania hutoka kirahisi ukiipitishia mstari mmoja wa welding kwenye uso wake wa ndani. Ikipoa inanywea na kudondoka. Fanya hivyo habu ikiwa chini, waya wa ethi ukifungwa kwenye habu yenyewe. Ringi mpya hailambi moto. Iweke kwenye friza saa kadhaa, ipige kwa kibano cha saizi yake au kwa ringi ya zamani iliyopasuliwa upande mmoja. Mlio hubadilika kutoka mlegevu hadi mkavu inapogota chini. Usiridhike na mlio. Jaribu kupenyeza fila ya milimita 0.05 chini ya ringi pande zote. Ikiingia popote, ringi haijakaa. Mchezo utakaoupima baadaye utakuwa wa uongo, maana ringi itashuka njiani na habu kulegea.

Diski

Diski za lori la rimu za inchi 22.5 zenye kalipa aina ya Knorr-Bremse au Bendix huanza na unene wa milimita 45, na mwisho wake ni milimita 37. Kiasi cha mwisho huchongwa kwenye ukingo wa diski. Soma hicho kwanza. Pima sehemu nne hadi sita kwa mikromita, ukiuepuka ule ukingo wenye kutu usioguswa na pedi, kwa sababu ukipima juu yake diski iliyokwisha itaonekana nzima. Ukiwa unaweka pedi mpya na diski imebaki 39 au chini, ibadilishe sasa. Pedi mpya ina miezi mingi ya kuishi, diski hiyo haina.

Nyufa ndogondogo kama utando wa buibui ni za kawaida kwa lori linaloteremka milima ya Kitonga au Sekenke, Tanzania, na mzigo. Ufa unaoelekea katikati ya diski unavumiliwa ikiwa upana na kina chake havizidi milimita 1.5 na urefu wake hauzidi robo tatu ya upana wa njia ya pedi. Ufa uliotoka ukingo wa ndani hadi wa nje, au unaoonekana kwenye matundu ya hewa, unamaliza diski hata kama unene upo. Mifereji ya kina kisichozidi milimita 1.5 hairuhusu kukataa diski. Diski hubadilishwa kushoto na kulia pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Pedi nzima ina milimita 30 pamoja na bamba lake, na bamba peke yake ni 9. Zikibaki 11 kwa jumla, sehemu inayosugua imebaki milimita mbili tu, basi. Pedi iliyolowa oili ya difu haioshwi wala haichomwi moto ikapona, kwa kuwa oili imeingia ndani kabisa. Tupa zote nne za ekseli. Pedi ya ndani ikiwa imelika kuliko ya nje kwa tofauti kubwa, pini za kuteleza za kalipa zimekwama. Diski mpya itaungua upande mmoja kama hujaziondoa na kuzisafisha au kubadilisha kifurushi chake. Kalipa isiyo na pedi inapaswa kwenda na kurudi kwa mkono.

Uso ambao diski hukalia kwenye habu upigwe waya brashi mpaka chuma kionekane. Punje moja ya kutu pale huwa mtikisiko kwenye pedali. Bolti mpya, zikazwe kwa kuvuka kama nyota, awamu tatu, toki ya mwisho kutoka kitabu cha habu hiyo. Futa mafuta ya kinga ya kiwandani kwa breki klina. Kama ringi ya meno ya ABS ilitolewa, igonge irudi sawasawa. Ikiyumba, taa itawaka.

Kwa wenye ngoma: ngoma ya kipenyo cha inchi 16.5, yaani milimita 419, hutupwa ikifika 422.

Sili

Soma boksi la sili. Nyingine huingizwa kavu, nyingine hutaka oili mdomoni, nyingine hukaa kwenye habu na nyingine kwenye spindo. Ukikosea hapo itavuja siku ya kwanza. Weka beringi ya ndani iliyolowa oili kwanza, kisha piga sili kwa kibano chake mpaka kigote. Kipande cha bomba hukunja ukingo kidogo tu, usiouona, na huo kidogo unatosha. Silikoni hairuhusiwi isipokuwa boksi limesema. Uzi wake ukikatika huingia kwenye beringi.

Sili ikiwa inarudia kuvuja mwezi hadi mwezi, acha kulaumu duka. Nenda juu ya difu, tafuta kipumulio. Kikizibwa na tope, joto hujenga shinikizo ndani ya ekseli, na oili hutafuta mlango dhaifu, ambao ni mdomo wa sili. Kizibue kila unapofungua habu.

Kukaza nati

Beringi ikibana sana, joto hutanua chuma, kutanua kunazidi kubana, na mzunguko huo hauna breki. Ikilegea sana, roli huenda kombo na kubeba mzigo kwa ncha, mdomo wa sili hutikiswa hadi kufunguka, diski huyumba na kusukuma pedi nyuma. Nafasi sahihi ni nyembamba kama karatasi: kati ya milimita 0.025 na 0.125. Kidole hakiwezi kuipima. Vipimo vifuatavyo ni vya ekseli ya kusukuma yenye nati mbili na washa katikati.

1. Loweka beringi zote mbili kwa oili ileile ya difu. Rudisha habu sawasawa kwenye spindo ikiwa juu ya trolei, ingiza beringi ya nje, kisha nati ya kurekebishia kwa mkono.

2. Kaza hadi Nm 271 huku msaidizi akizungusha habu mfululizo. Kuzungusha hakuachwi. Roli hukaa kwenye ukingo wao wa koni zikiwa zinazunguka tu, na habu iliyosimama hukupa toki ya uongo.

3. Legeza mzunguko mmoja kamili.

4. Kaza tena hadi Nm 68, habu ikiendelea kuzunguka.

5. Rudisha nyuma robo mzunguko. Weka alama ya chaki kwenye nati na spindo uione robo kwa macho.

6. Ingiza washa. Ikiwa ni ya pini na tundu hazikutani, igeuze upande wa pili. Bado zikikataa, legeza nati kiasi kidogo kabisa mpaka zikutane, usikaze.

7. Kaza nati ya nje: Nm 407 hadi 542 kwa washa ya pini, Nm 271 hadi 373 kwa washa ya ulimi. Nati hii huvuta nyuzi na kupunguza mchezo, ndiyo sababu kipimo huchukuliwa baada yake.

8. Bandika kikalio cha sumaku cha dayo geji kwenye uso wa habu, ncha yake iguse mwisho wa spindo. Shika habu saa tatu na saa tisa, isukume ndani huku ukiichezesha kushoto na kulia, sifurisha geji, kisha ivute habu nje ukiichezesha vilevile. Mshale ukitulia, soma.

Ukipata 0.05 hadi 0.10 umefika pazuri. Ukipata sifuri, usiiachie: sifuri haikuambii kama beringi imegusana tu au imebanwa vibaya. Fungua nati ya nje, sogeza ya ndani tundu moja nyuma, kaza, pima upya. Ikizidi 0.125, isogeze mbele. Rudia mara tatu ikibidi. Mwisho kunja ulimi mmoja wa washa juu ya nati ya ndani na mwingine juu ya nati ya nje. Washa ya ulimi iliyokwisha kukunjwa mara moja haikunjwi tena. Mifumo yenye nati moja ya meno na klipu ina vipimo vyake, usichanganye.

Sensa ya ABS irudi sasa: isukume kwa mkono mpaka iguse ringi ya meno, zungusha habu mara chache, itajirudisha yenyewe. Nafasi isizidi milimita 0.7.

Shafti, oili, breki

Safisha nyuso mbili, gasketi mpya, ingiza shafti bila kulaza uzito wake kwenye sili, rudisha bushi za koni, kaza nati kwa kuvuka.

Hapa ndipo beringi mpya nyingi huuawa. Habu ni kavu, na oili ya difu haifiki humo haraka gari likiwa tambarare. Jaza difu hadi kwenye kizibo, kisha inua upande mmoja wa ekseli sentimita 15 na usubiri dakika moja, oili iende habu ya chini. Fanya hivyo upande wa pili. Rudisha ekseli tambarare, fungua kizibo, utaona oili imeshuka. Ongeza mpaka ifike tena mdomoni. Kila habu hunywa karibu nusu lita. Kama hukuongeza kitu, haijaenda.

Funga kalipa kwa bolti na toki za kitabu, weka pedi. Kwa kalipa za aina iliyotajwa, zungusha adapta mpaka pedi ziguse diski, kisha rudisha nyuma mibofyo miwili. Toa bolti ya kufungia springi, jaza upepo, kanyaga breki mara tano hadi kumi polepole kwa bar mbili hivi. Adapta inatakiwa isogee kidogokidogo. Ikigoma, kirekebishi cha ndani kimekufa na pedi hazitajisogeza zinapolika.

Safisha uso wa rimu na wa habu, rangi nene na kutu vyote viondoke. Kwa nati za M22 zenye washa yake, tone moja la oili kwenye nyuzi na moja kati ya nati na washa. Uso wa rimu ubaki mkavu. Kaza kwa kuvuka, mwisho kwa toki renchi: magari mengi hutaka kati ya Nm 600 na 680. Rudia kukaza baada ya kilomita 80 hadi 160, kwa sababu rangi na kutu vilivyobaki hujilaza na nati hulegea. Mpe utingo au taniboi namba hiyo kwa maandishi.

Jaribio la kwanza liwe bila mzigo, kilomita 20 hivi, breki za taratibu zenye nafasi ya kupoa katikati yake. Simama, pima joto la habu zote, tazama nyuma ya rimu kwa tochi. Andika kwenye daftari la gari tarehe, kilomita, mchezo uliousoma kila upande na unene wa diski. Lori likirudi lina mchezo wa 0.20 upande ulioacha na 0.07, utajua pa kuanzia kabla hujapiga jeki.